Solenoidi Isiyokuwa na Kosa

“Shangazi, kwa nini unafumba macho gari likiwashwa?”

Aliyeuliza alikuwa msichana wa miaka saba, amekaa juu ya tairi bovu, miguu ikining'inia bila kufika chini. Shangazi yake alikuwa amesimama mbele ya pikapu moja nyekundu iliyogoma kuwaka, boneti limeinuliwa, na kweli alikuwa amefumba macho kama mtu anayesali. Hakugeuka. Alisema tu kwamba macho nayo huchoka, hasa ya mtu anayeishi na mtoto asiyeishiwa maswali. Madereva waliokuwa pale wakaangua kicheko, na toka siku hiyo mtoto akapachikwa jina la Maswali. Jina likashika. Jibu halikutoka.

Shangazi naye alikuwa na jina lake. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na uwanja mzima wa gereji ulimwita Masikio. Si kwamba yalikuwa makubwa. Yalikuwa madogo tu, yamebanwa chini ya kitambaa cha kichwa ambacho hakikukosa doa la grisi hata siku kilipotoka kufuliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakugusa spana kabla hajasikiliza. Gari likiletwa limegoma, alimwambia dereva aweke gia huru, avute breki ya mkono, kisha azungushe ufunguo. Yeye anasimama hatua mbili kutoka kwenye injini, anafumba macho, na anainua mkono juu ili kila mtu auone.

Mkono huo ulikuwa na lugha yake. Ngumi ilimaanisha kimya kabisa, hakuna kilicholia. Kidole kimoja kilimaanisha tak moja nzito, basi. Vidole vyote vitano vikichezacheza kama vya mtu anayenyunyiza maji, hiyo ni tak-tak-tak-tak mfululizo. Na kiganja kikizungushwa kama cha mtu anayekoroga sufuria, stata, mota ya kuwashia gari, inazunguka peke yake na injini haina habari. Madereva walisoma mkono ule kama wanavyosoma alama za barabarani. Kipara, fundi wa breki wa banda la jirani, alikuwa akisema Masikio amekosea kazi, alipaswa kuwa trafiki.

Maswali aliishi na shangazi yake tangu baba yake alipopata kazi ya mbali na kuanza kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Walikuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana. Dirisha la chumba cha mbele lilifungukia moja kwa moja kwenye meza ya kazi ya shangazi, na mtoto alifanyia hapo masomo yake ya nyumbani, hesabu zikinuka oili. Walikuwa wawili tu, na kilichowaweka mjini ni lile jina. Kulikuwa na mafundi wengine wa umeme pale uwanjani, wenye mashine za kupimia zenye vioo na namba. Watu waliwapita wakaja kwa Masikio.

Alipofika miaka kumi, Maswali aliuliza swali lililomfurahisha shangazi kuliko yote aliyowahi kuuliza: hicho kinachogonga tak ni kitu gani?

Shangazi alitoka, akarudi na solenoidi kuukuu, kopo la chuma la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, lile linalopanda mgongoni mwa stata. Akaliweka mezani katikati ya vikombe vya chai. Akamwambia mtoto afikirie jengo lenye lango zito la chuma. Mkono wako hauwezi kulisukuma, lakini unaweza kubonyeza kengele, na mlinzi aliye ndani akaja kukufungulia. Ufunguo wa gari ni kengele. Umeme unaopita pale kwenye ufunguo ni mdogo, waya wake mwembamba. Ukijaribu kupitisha hapo umeme wote unaohitajika kuzungusha injini, utaunguza gari. Kwa hiyo ule mdogo unakwenda tu kumwamsha mlinzi, na mlinzi ndiye solenoidi.

Ndani ya kopo kuna koili, waya uliozungushwa mara nyingi sana, na katikati yake kipande cha chuma kinachoteleza. Umeme ukiingia kwenye koili, koili inakuwa sumaku na kile chuma kinavutwa ndani kwa nguvu. Kinapokwenda kinafanya kazi mbili kwa safari moja. Kwa upande mmoja kinasukuma gia ndogo ya stata ikashike meno ya gurudumu kubwa la injini. Kwa upande wa pili kinabandika kisahani cha shaba juu ya vichwa vya boliti mbili nene, moja inatoka kwenye betri na nyingine inakwenda kwenye mota ya stata. Hapo ndipo lango linafunguka, umeme mkubwa unapita, na injini inazunguka. Ukiachia ufunguo, springi inarudisha kila kitu mahali pake.

“Kwa hiyo tak ni lango linafunguka,” Maswali alisema.

“Tak ni mlinzi amefika langoni,” shangazi akamsahihisha. “Kama lango limefunguka au halikufunguka, hilo jambo jingine.”

Kisha akamfundisha mkono. Ukisikia kimya, kengele haikumfikia mlinzi: angalia fyuzi, swichi ya ufunguo, waya mwembamba uliochomoka, au mlinzi mwenyewe amekufa, koili imeungua. Ukisikia tak moja na injini haijatikisika, mlinzi amefika lakini mara nyingi kisahani na boliti vimeunguzwa na cheche mpaka vimekuwa vyeusi, umeme haupiti. Na kama si hivyo, mota yenyewe ndiyo imelala. Ukisikia tak-tak-tak-tak, chuma kinavutwa, umeme unaanguka, springi inakirudisha, umeme unapanda tena, kinavutwa tena. Betri imechoka, au nyaya zake hazikushika vizuri mahali fulani.

“Huyo wa tak-tak usimguse,” alisema. “Hana kosa. Ana njaa tu.”

Jambo jingine Maswali alilolijua kuhusu shangazi yake ni hili: hakutupa kifaa chochote alichokitoa kwenye gari kabla hajakipasua. Jioni, kazi zikiisha, aliyeyusha risasi ya kulehemu kwenye ncha mbili za nyuma ya solenoidi, akafungua mfuniko, akatazama kisahani kwa tochi. Alitaka kuona kwa macho kile alichokuwa amekisikia kwa masikio. Kipara aliita kazi hiyo upasuaji wa maiti, na akipita alipenda kuuliza kama marehemu ameacha wosia. Miaka yote hiyo Maswali hakuona hata mara moja mle ndani mkitoka kitu tofauti na kile kilichosemwa na mkono.

Sasa Maswali yuko sekondari, mrefu kumpita shangazi, na mwaka huu ndio alioanza kuona mambo. Redio ilipanda sauti kidogo kidogo, mpaka jirani akauliza kwa utani kama wameanzisha ukumbi wa harusi. Birika lilichemka na kupiga mluzi, shangazi amekaa pembeni yake anachambua brashi za stata, mpaka mvuke ulipomlowesha mkono. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, haitiki. Ukimwuliza, anasema alikuwa na mawazo. Maswali alikubali hayo mawazo. Mtu akiitwa Masikio miaka ishirini na kitu, si rahisi kufikiria kwamba hasikii.

Halafu likaja gari la Mkunga.

Mkunga alikuwa mama wa makamo anayewazalisha wanawake majumbani kwao na kwenye zahanati. Aliendesha gari dogo la kijivu lililokwisha kupauka, na kila mtu alilijua, kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa walizaliwa baada ya gari hilo kusimama mlangoni kwao. Alilileta saa tisa alasiri. Alieleza kwamba linaanza kumtesa: mara linawaka, mara linagoma, na leo limewaka baada ya kusukumwa. Shangazi akamwambia kama kawaida, gia huru, breki ya mkono, ufunguo. Akasimama hatua zake mbili. Akafumba macho.

Maswali alikuwa dirishani na kitabu cha aljebra. Alisikia tak-tak-tak-tak-tak, haraka na nyepesi, kama mvua inayoanza kwenye bati.

Shangazi akainua kidole kimoja.

Maswali aliinua uso. Mkunga alizungusha ufunguo mara ya pili, na mlio ukawa uleule, na kidole kikawa kilekile. Msichana akafikiri labda kuna kitu shangazi amekisikia chini ya ile milio, kitu cha kifundi, ambacho sikio la mtu wa aljebra haliwezi kukipata. Akainamisha kichwa akaendelea na hesabu zake. Baadaye alijilaumu kwa jambo hili kuliko kwa jambo lolote.

Kazi ilichukua saa mbili. Shangazi alitoa waya wa betri, akashusha stata, akafungua solenoidi akaweka mpya, akarudisha kila kitu na kukaza. Ufunguo ulipozungushwa gari likawaka mara moja, na Mkunga akaondoka akipiga honi ya shukrani.

Jioni ile ukawa wakati wa upasuaji. Maswali alikuwa anaosha vyombo akaona kupitia dirishani shangazi ameinamia meza ya kazi. Mfuniko ulikuwa umefunguliwa. Kisahani cha shaba kilikuwa mle ndani kinang'aa kama kijiko kipya, na vichwa vya boliti viwili safi, bila doa. Shangazi alikitazama kwa tochi, akakigeuza, akakipitishia kidole gumba. Akachukua nyaya mbili akaiunganisha ile koili na betri ya mezani. Chuma kikavutwa kwa kishindo mpaka spana zikaruka. Mzima wa afya. Akavirudisha vyote ndani ya kopo, akaliweka kopo kwenye droo badala ya pipa, akaja kula. Kipara alipopita kuulizia wosia alikuta droo imefungwa.

Kesho yake Mkunga alikuja kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi mpaka vifundoni. Gari lilikataa kuwaka alfajiri, alisema. Alikuwa ameitwa na mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, akakimbia, akafika mtoto ameshatoka, yuko mikononi mwa bibi yake, kitovu hakijakatwa. Wote wazima, alisema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Alisema tu kwamba leo usiku au kesho kuna mwingine atakayemwita, yule wa mapacha, anayekaa mbali, na huko hawezi kwenda kwa kukimbia.

Shangazi akajibu kwamba vipuri vya siku hizi haviaminiki, atakuja na solenoidi nyingine mchana. Mkunga akaitikia, akaondoka. Maswali, aliyekuwa anafunga kamba za viatu vya shule, alijua kabisa kwamba shangazi haamini neno hata moja la hayo aliyoyasema.

Karakana ikabaki na watu wawili. Shangazi alivuta droo, akatoa lile kopo, akalishika bila kulifungua.

“Jana ulikuwa dirishani,” alisema, bila kumtazama. “Ziligonga ngapi?”

Lile swali lilikuwa fupi lakini nyuma yake kulikuwa na kila kitu. Akisema moja, shangazi atabaki Masikio, na kipuri ndicho kitakachobeba lawama, na Mkunga ataendelea kukimbia barabarani. Akisema ukweli, basi ni yeye, mtoto wa kaka yake, aliyelelewa na hayo masikio, atakayeyazika. Madereva wakijua, nani ataleta gari kwa fundi wa kusikiliza asiyesikia?

“Nyingi, shangazi,” alisema. Halafu akakumbuka, akageuka amtazame usoni, akarudia kwa sauti ya juu zaidi. “Zilikuwa nyingi. Mfululizo.”

Shangazi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa barua ambayo yaliyomo anayajua. Akasema yeye alisikia ile ya kwanza tu. Zilizofuata zilikuwa nyepesi. Akasema hata ndege wa asubuhi yeye hawasikii, tangu mwaka juzi, lakini alidhani wamehama.

Siku hiyo Maswali alichelewa shule. Walikwenda pamoja nyumbani kwa Mkunga, shangazi amebeba sanduku la vifaa, yeye amebeba lile kopo ndani ya mfuko wa plastiki. Mkunga alikuwa uani anaanika mashuka. Maswali alidhani shangazi ataanza na boneti. Alianza na kopo. Alilifungua juu ya ukingo wa karo, akamwonyesha Mkunga kisahani kinachong'aa.

“Hii ndiyo niliyoitoa,” alisema. “Haikuwa na kosa. Ni mimi sikusikia.”

“Hukusikia nini?”

“Gari lako. Lilikuwa linaniambia kitu kingine.”

Mkunga alifuta mikono kwenye kanga yake, akamtazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mtu wa zahanati, na akamwuliza ni tangu lini, sikio moja au yote. Kisha akaingia ndani akarudi na kipembe cha mti, kifupi, kilicholainika kwa kushikwa. Akasema amesikiliza mapigo ya moyo wa watoto tumboni kwa kipembe hicho tangu akiwa msichana, na siku hizi hapati kitu. Anatumia kijimashine cha betri kinachotoa sauti kama farasi anayekimbia. “Mara ya kwanza nilikiwasha nikiwa nimejifungia chooni, ili mama mwenye mimba asinione,” alisema. “Nilidhani watanikimbia. Hakuna aliyenikimbia. Wao wanataka mtoto, hawana shida na sikio langu.”

Shangazi aliposimama kwenda kwenye gari, alisimama kama mtu aliyetua ndoo.

Safari hii hakusimama hatua mbili mbali. Alimwomba Mkunga azungushe ufunguo, na yeye mwenyewe, baada ya kuhakikisha mkanda wa feni hauwezi kumkamata kitambaa, aliweka kiganja juu ya solenoidi. Maswali akasikia tak-tak-tak-tak. Na akaona uso wa shangazi ukibadilika: mkono ulikuwa unaisikia. Mkono wa pili ukapanda juu, vidole vitano, vikachezacheza.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya dakika chache. Betri ilikuwa nzima. Vichwa vyake vilikuwa safi, kwa sababu jana yake aliviparaza na kuvikaza yeye mwenyewe. Akaufuata ule waya mnene mweusi, wa ethi, unaotoka kwenye betri na kwenda kushikwa kwenye chuma cha injini ili umeme upate njia ya kurudi. Mwisho wake ulikuwa umejificha chini, umeota kutu ya kijani, na nati yake ilizunguka kwa vidole. Jana, katika kule kushusha na kupandisha stata, waya ulisogea ukashika kidogo, ndiyo maana gari likawaka na kumdanganya. Usiku likapoa, likatikiswa na barabara, ukaachia tena. Mlinzi alikuwa na njaa. Shangazi akamfukuza kazi akaajiri mwingine, naye akafa njaa vilevile.

Alikwangua kutu mpaka chuma kikaonekana cheupe, akakaza nati. Halafu, ingawa hakuna aliyemwomba, akashusha stata kwa mara ya pili, akatoa solenoidi mpya na kurudisha ile ya zamani, iliyokuwa safi. Mkunga akamwambia si lazima. Shangazi akasema ni lazima. Gari likawaka mara tano mfululizo. Mapacha walizaliwa kesho yake mchana, wa kike wote wawili, na Mkunga alifika saa nzima kabla yao.

Habari hazikai. Kipara alizipata kabla ya wiki kwisha, akaja amekunja mikono, akatafuta utani na safari hii akaukosa. Mwisho akasema tu kwamba yeye mwenyewe haoni vizuri pedi za breki bila miwani, na miwani ameificha kwenye kopo la grisi. Madereva wawili watatu walihamia kwa wale wenye mashine za namba. Wengine walibaki. Shangazi alitengeneza kitu chake: balbu ndogo ya taa ya kona, nyaya mbili, na vibanio viwili. Anavibana kwenye zile boliti mbili nene za solenoidi. Lango likiwa limefungwa, balbu inawaka. Ufunguo ukizungushwa na lango likafunguka vizuri, umeme unapita langoni na balbu inazimika. Ikiendelea kuwaka ilhali kiganja kimehisi tak, kisahani kimeungua. Ikikonyeza haraka haraka, nenda katazame nyaya. Na kama hakuna kilichogonga kabisa, mkono unapanda ukiwa ngumi, kama zamani.

Ni kwenye balbu hiyo ndipo swali la zamani liliporudi. Ilikuwa Jumamosi, pikapu nyingine imegoma, nyeupe hii. Dereva yuko kwenye usukani, shangazi ameinama, kiganja kwenye solenoidi, na Maswali amekaa juu ya tairi, safari hii miguu imefika chini na kupita. Ufunguo ukazungushwa. Shangazi alikuwa ameikodolea ile balbu macho makavu, wazi, kama mtu anayetazama mpira ukielekea golini. Maswali hakuwahi kumwona hivyo. Alisubiri mpaka kidole kimoja kikapanda na dereva akashuka kwenda kutafuta kivuli, ndipo akasogea mbele yake ili amwone mdomo, akamwuliza tena kile alichomwuliza akiwa na miaka saba.

Shangazi alicheka kidogo, akafuta mikono kwenye kitambaa.

“Nilikuwa naogopa cheche,” alisema. “Wiki yangu ya kwanza ya kujifunza niliangusha spana juu ya betri, ukalipuka mwanga mbele ya pua yangu. Toka hapo mtu akizungusha ufunguo, macho yanajifumba yenyewe. Madereva wakaambizana, mwone, anasikiliza. Ningewaambia nini? Nikanyamaza. Na mtu akifumba macho kila siku, Maswali, mwishowe anaanza kusikia kweli.”